Khoat Hakutaka Moto

Kabla ya mambo ya mifupa, benchi la Lieu halikuwahi kupoa. Mtu akiinuka, mwingine anakalia joto la mwenzake. Mimi nilikuwa nauza mboga meza ya pili kutoka kwake: mnanaa, giligilani, ndimu, choroko zilizochipua. Nusu ya mboga zangu ziliishia kwenye mabakuli yake, kwa hiyo haya sikuyasikia kwa mtu.

Soko letu liko karibu na mto Mekong, pale unapoona milima ya Laos ng'ambo imesimama kama meno ya mzee, moja hapa, moja kule. Asubuhi za baridi mvuke wa sufuria la Lieu ulipita kati ya meza za samaki ukawavuta watu kwa pua. Tambi alizikata mwenyewe, za unga wa mchele uliochanganywa na wanga wa muhogo, nene, za kuteleza, na ndizo zilizoifanya supu yake iwe nzito kama uji. Juu yake nyama ya nguruwe iliyopondwa na kuchemshwa ndani ya majani ya mgomba, vitunguu vya kukaanga, pilipili manga. Supu hiyo wazee wa kina Lieu walitoka nayo Vietnam, wakavuka nayo mto wakikimbia vita. Sisi tukaila mpaka tukasahau kwamba ina kwao.

Tulikuwa na mchezo wetu, mimi na yeye. Nikiona mteja mgeni ameinamia bakuli, naita, "Kitendawili!"

Lieu anajibu bila kugeuka, "Tega!"

"Nyoka mweupe hana mfupa, namla bila kumuua."

"Tambi hizo, dada Bua. Tega kingine, hicho kimechacha."

Mumewe, Khoat, ndiye aliyekuwa akiosha mabakuli. Mtu mkimya, mwembamba, mwenye goti bovu. Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo: moto. Alipokuwa mdogo, wakivuka mto kwa mtumbwi, mji waliouacha ng'ambo ulikuwa unaungua, na bibi yake asiyeweza kutembea alikuwa amebaki ndani ya nyumba. Khoat aliiona nyumba ile ikishika. Tangu hapo hakuwasha jiko maisha yake yote. Aliyewasha ni Lieu, naye Khoat akasimama mbali na beseni lake mpaka makaa yatulie.

Alipougua ini, macho yakawa ya njano, alimshika mkewe mkono nami nikiwa nimekaa pale pale.

"Lieu, wenzetu wa hapa wanachoma maiti. Mimi nizike. Usinichome."

"Sitakuchoma, baba Wilai."

"Hata watu wakisema."

"Waseme."

Akazikwa kwenye makaburi ya Wavietnam, nyuma ya mashamba ya tumbaku.

Sasa, kwa watu wa kwao Lieu kuzika mara moja ni nusu ya kazi. Marehemu analala ardhini miaka kadhaa mpaka nyama imwachie. Halafu jamaa wanamfukua, wanamwosha mfupa mmoja mmoja kwa maji ya moto yenye manukato, wanampanga ndani ya sanduku dogo la udongo kuanzia miguu mpaka kichwa, wanamzika tena. Hapo ndipo anapumzika. Asiyeoshwa, wanasema, amelala na nguo chafu. Na yote lazima yaishe kabla ya jua, maana jua halitakiwi kuona mfupa wa mtu.

Khoat hakuwa na ndugu, na Lieu hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na binti yake Wilai, aliyeachwa na mume akiwa na mtoto mchanga. Na alikuwa na mimi.

"Dada Bua, wewe utashika turubai la kufunika kaburi," aliniambia. "Ukiogopa fumba macho, ila turubai usiachie."

Niliogopa. Sikuachia. Wachimbaji wawili walifungua kaburi alfajiri, Lieu akashuka shimoni hadi magotini, akawa anampokea mumewe kipande kipande, huku akimsemesha. "Hili ndilo goti lililokuwa likikutesa masika. Njoo. Na hili jino, ulisema ulilimeza, kumbe uongo." Mifupa akailaza juu ya kitambaa chekundu.

Hapo ndipo sufuria likavuja. Alikuwa amenunua sufuria jipya kwa kazi hiyo tu, likabandikwa kwenye moto pembeni ya kaburi. Lakini kitako chake kilikuwa na ufa, maji yakashuka yakazima kuni. Upande wa Laos mbingu ilishaanza kupauka. Mifupa iko nje, michafu.

Lieu akamtazama Wilai. "Kimbia dukani. Lete letu."

"Lile la supu, mama?"

"Kwani tuna jingine? Baba yako ataonwa na jua. Kimbia!"

Wilai alikwenda na bajaji ya Tongdam, kijana aliyekuwa anatubebea mizigo ya soko, akarudi na sufuria kubwa limemkalia mapajani. Maji yakachemka humo na mdalasini, tangawizi na mchaichai. Na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Ndani ya sufuria lile yaliingia maji na viungo, basi. Lieu alichota kwa kata akamimina kwenye beseni, na mifupa ikaoshwa ndani ya beseni. Nilikuwa nimeshika turubai, macho wazi. Jua lilipochomoza, Khoat alikuwa tayari sandukuni, safi, kifuniko juu.

Lakini harufu ya yale maji ilikuwa ileile ya supu. Naye Tongdam alikuwa amekaa kwenye bajaji yake akivuta sigara, akiinusa.

Wakati wa kurudi akauliza, "Shangazi, hili si sufuria la dukani?"

"Ndilo. Lile jipya limevuja."

"Mlikuwa mnapika nini na sisi tupo makaburini?"

"Hatukupika. Tumechemsha maji ya kumwogesha mjomba wako."

Lieu alilisema kama mtu anayesema amemwogesha mtoto. Kwake hapakuwa na la kuficha. Kumwosha mume ni heshima, na heshima haichafui chombo. Alidhani na sisi tunaona hivyo. Lakini sisi tunachoma maiti zetu, na mfupa uliotoka ardhini kwetu ni mzimu uliokosa njia. Hata kuutaja wakati wa kula ni mwiko. Tongdam alitema mate nje ya bajaji, na mpaka saa ya chakula cha mchana mkewe alishajua, na mke wa Tongdam akijua jambo, paka wa soko nao wanajua.

Wa kwanza kuja kuuliza alikuwa Chamoi, muuza samaki, ambaye alikuwa anakula pale kila siku na kuomba kuongezewa vitunguu.

"Lieu, eti mlimchemsha Khoat?"

"Nani amchemshe mumewe, Chamoi? Una akili wewe? Yalikuwa maji tu."

"Kwa sufuria hili?"

"Kwa hili. Nimelisugua kwa majivu na ndimu mpaka linang'aa kuliko sura yako. Kaa ule."

"Wee, leo tumbo limenikaza." Akashika kiuno akarudi nyuma hatua kwa hatua, macho kwenye sufuria. "Mimi lakini siongezi neno, unanijua."

Akaenda akaongeza maneno soko zima. Alipomaliza, Khoat alikuwa amechemshwa, ametolewa mafuta, na Wilai ameonja chumvi.

Nilipita meza kwa meza. Nilisema, jamani, mimi nilikuwapo, mifupa haikugusa sufuria. Wakaniambia, "Wewe kula yako, bibi wa mboga. Umeshalishwa." Wavietnam wenzake, ambao mila hiyo ni yao, nao waliinamisha macho. Nao wana maduka, nao wanaogopa kutazamwa. Mmoja, muuza nyama, alimnong'oneza, "Dada, ungevunja sufuria njiani na kunyamaza."

Watoto wa sokoni wakatunga chao. Niliwasikia wakitegana nyuma ya magunia ya mkaa.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Baba yumo ndani, mama anakoroga, wageni wanaramba vidole."

"Supu ya Lieu!"

Wakacheka mpaka wakaanguka. Niliwatupia kiazi. Lieu alikuwa ameshasikia. Aliendelea kukata tambi, na nilimwona amekata kidole, akakifunga kitambaa, akaendelea.

Benchi likapoa. Alinunua sufuria jingine, jipya, mbele ya watu, na lile la zamani akalitoboa kwa shoka katikati ya soko. Wakasema mkono ni uleule. Akahamisha jiko, wakasema ardhi ni ileile. Asubuhi alipika, saa sita akamwaga kwa mbwa. Nilikuwa nakula mimi, na mjukuu wangu, na mlevi mmoja aliyesema haogopi mizimu kwa sababu anaishi na mama mkwe.

Siku moja akaja Mzee Bunlert, mkuu wa soko. Akakaa benchini, mikono magotini.

"Dada Lieu, mimi binafsi sina tatizo."

"Basi kula."

"Nimekula nyumbani."

"Tangu lini wewe unakula nyumbani? Mkeo hajui hata jiko liko wapi."

Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Wauza nyama wananilalamikia. Watu wanapita njia ya nyuma ili wasipite hapa. Nimeongea na mtawa mkuu wa hekalu, mtu mwema, amekubali. Lile sanduku litolewe, mifupa ichomwe hekaluni, watu waone moshi kwa macho yao, watawa waombe, jivu liende mtoni. Yaishe. Watu wakiona hakuna tena mfupa, watakula. Na wewe utakaa hapa mpaka mjukuu wako arithi meza."

"Nisipokubali?"

"Mwaka mpya ukifika, meza nitampa mwingine. Nivumilie, dada, soko si langu peke yangu."

"Mume wangu aliomba asichomwe."

"Marehemu haulizwi."

"Ndiyo maana alisema akiwa hai."

Mzee Bunlert akasimama, akajipangusa suruali ingawa benchi lilikuwa safi. "Fikiri," akasema. "Mwaka mpya uko karibu."

Jioni hiyo walikosana, mama na binti, wakiwa wanaosha mabakuli ambayo hayakuliwa. Sikuhitaji kutega sikio.

"Mama, tumchome tu. Ni mifupa."

"Rudia."

"Nasema ni mifupa! Baba amekufa. Mimi bado. Mtoto wangu bado. Tukitolewa hapa nitafanya nini? Najua kukata tambi, sijui kingine. Ulinifundisha kingine?"

"Nilimwahidi."

"Na mimi uliniahidi nini?"

Lieu akachukua beseni akaenda kumwaga maji. Aliporudi aliniambia mimi, "Dada Bua, nisindikize Sakon Nakhon. Nina dada yangu kule. Kama soko la huku limenitema, labda la kule litanimeza." Kwa Wilai akasema, "Nikipata meza tutahama wote watatu. Baba yako atabaki amelala, tutakuja kumsafishia kaburi. Nisubiri."

Wilai aliitikia kwa kichwa. Nilidhani anakubali.

Tulikwenda kwa basi. Dada yake Lieu alitupokea vizuri, akatuzungusha masokoni, tukakaa siku kadhaa tukiombaomba. Wa kwanza alikataa, wa pili alitaka kwanza amjue mtu wa kumdhamini. Mwishowe mwanamke mmoja mzee, anayeuza chai pembeni ya kituo cha mabasi, aliionja supu ya Lieu iliyopikwa kwenye jiko la kuazima. Akalamba kijiko pande zote mbili. "Chukua upande huu wa kibanda changu," akasema. "Watu wa mabasi wana njaa, hawaulizi habari za mtu." Nilimwona Lieu akicheka kwa mara ya kwanza tangu makaburini. Ndani ya basi la kurudi alikuwa anapanga kwa sauti: wapi watalala, mtoto atasoma wapi, tambi zitakatiwa wapi. Akanitegea yeye kitendawili, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, nami nikashindwa kwa furaha.

Tulifika asubuhi, tukashukia sokoni moja kwa moja. Benchi lilikuwa limejaa.

Wamekaa, wengine wamesimama na mabakuli mikononi, na Wilai jasho linamtoka, anamimina, anapokea, anamimina. Lieu alisimama kama mtu aliyekosea mlango. Kisha uso ukamfunguka. Aliweka mkoba chini, akajifunga aproni, akaingia nyuma ya sufuria. "Umewarudishaje?" akamuuliza bintiye. Wilai akageukia ubao wa tambi. Alikuwa anakata tambi, na kisu kilianza kwenda haraka.

"Nani mwingine?" Lieu akaita. "Chamoi! Hata wewe! Tumbo limelegea?"

Chamoi alikuwa na bakuli la pili. Alifuta mdomo, na sijui kama alikuwa na ubaya moyoni. Nadhani hakuwa nao. Alisema kwa upole kabisa, kama anatoa pole. "Dada Lieu, umefanya vizuri. Tulikwenda wote hekaluni. Moshi ulipanda umenyooka, mweupe, maana yake ameridhika. Wilai alilia sana. Sasa na Khoat amepumzika, na sisi tumepumzika."

Kisu kikasimama.

Lieu alikuwa ameshika bakuli la mteja, limejaa nusu. Alilijaza. Akaweka nyama, akaweka vitunguu, akampa mtu, akamuuliza, "Utataka pilipili?" Yule mtu akasema kidogo. Akamwekea kidogo. Kisha akafungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza, akatoka. Nilimfuata nikiwa na mkoba wake.

Makaburini udongo ulikuwa umerudishwa vizuri, umesawazishwa kwa koleo, na juu yake maua ya njano yaliyoanza kukauka. Tongdam ndiye aliyechimba, nilijua baadaye, na hakutaka malipo. Lieu alipiga magoti akafukua kwa mikono mpaka kiwiko kikazama. Hakuna sanduku. Akakaa. Nilimpangusa mchanga kwenye kucha, kidole kimoja, kingine, na aliniachia kama mtoto.

"Alikuwa anaogopa, dada Bua," akasema. "Alikuwa anaogopa sana."

Mzee Bunlert alitimiza neno lake, meza ikabaki yao. Nilimwuliza Lieu habari za kibanda cha Sakon Nakhon, akanitazama akasema, "Nilikuwa nahama ili asichomwe. Sasa nihame ili iweje?" Akarudi kazini. Supu ikawa tamu kama zamani, watu wanasema ilizidi. Mimi nilikuwa naila na sisikii ladha yake.

Wilai hakufukuzwa wala kupigwa. Alilala nyumba ileile, mtoto wake alibebwa na bibi yake, alipikiwa, alifuliwa. Ila neno la mama yake hakulipata tena. Lieu akitaka kisu anageuka upande wangu: "Dada Bua, mwambie alete kisu." Nami namwambia mtu aliye umbali wa mkono, "Wilai, mama anataka kisu." Wateja wapya walidhani ni utani wetu, wakacheka. Mara nyingi Wilai alianza kusema, "Mama, nilifanya kwa ajili ya..." na mama anachukua kata anakoroga. Nilijaribu kuwapatanisha. Nilimwambia Lieu, mtoto akinyea mkono, haukatwi. Akasema, "Sijaukata. Upo. Nautumia."

Mvua zikaja, na ndani ya mvua siku ya kumbukumbu ya kifo cha Khoat. Kwao siku hiyo marehemu anapikiwa, chakula kinapelekwa kaburini. Lieu alipika mapema, akajaza bakuli moja, akaweka vijiti juu yake, akaviweka kwenye sinia pamoja na ubani. Akaniambia, "Dada Bua, mwambie atangulie. Aende pale alipommwaga."

Tulikwenda hivyo hadi mtoni, Wilai mbele bila mwavuli, mama yake nyuma na sinia, mimi katikati. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu wa udongo, unashuka na magogo na vichaka vizima. Wilai alisimama ukingoni akatazama huku na huku.

"Mwambie anionyeshe ni wapi," Lieu akasema.

"Wilai, mama anauliza ni wapi."

"Hapo." Akanyoosha kidole majini.

"Mwambie hapo wapi."

"Wakati ule maji yalikuwa chini, mama," Wilai akasema, mvua ikimwingia mdomoni. "Palikuwa na mchanga. Mchanga mweupe, mrefu. Nilitembea juu yake mpaka mwisho, nikainama, nikamweka majini polepole. Sikumtupa. Nilimweka."

Hapakuwa na mchanga. Gogo lilipita pale alipokuwa ameonyesha, likazunguka, likaenda zake. Mvua ilikuwa inaanguka ndani ya bakuli na supu inapanda ukingoni.

"Dada Bua," Lieu akasema, "mwambie anionyeshe tena."

Nikamwambia. Wilai akainua mkono, na safari hii akaonyesha mahali pengine.